Kufufua jiliwa la zamani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ya wanaoanza kufufua jiliwa, yaani vaisi, chombo cha mezani cha kubania kazi, ni yale yale. Jiliwa limeganda, nilipige nyundo? Niliache kwenye siki wiki nzima? Lina ufa mdogo, ninunue? Nipake rangi gani? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku unapolitazama kwa muuzaji hadi siku unapolifunga mezani.

Shika jambo moja kabla ya yote: kutu haiui jiliwa. Linaloua jiliwa ni ufa, na ufa mwingi huzaliwa na haraka ya anayelifungua. Mwili wake kwa kawaida ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho huvumilia kubanwa miaka mia, lakini hakivumilii kupindwa wala kupashwa moto ghafla. Hakipindi, hukatika.

Majina ya sehemu

Jiliwa, ambalo karakana nyingi huliita vaisi, lina mwili wa nyuma wenye taya isiyosogea, na taya ya mbele iliyoungana na mhimili unaoteleza ndani ya mwili huo. Skrubu kuu hupita katikati na kuingia kwenye nati iliyofichwa ndani ya mwili. Nyuma ya kichwa cha skrubu, upande wa ndani wa taya ya mbele, kuna kola au washa yenye pini, mara nyingine na springi. Hiyo ndiyo inayoivuta taya unapofungua. Usoni mwa kila taya kuna bamba la chuma kigumu lililofungwa kwa skrubu mbili. Chini kuna kitako, ama kisichosogea ama cha kuzunguka.

Kabla hujanunua

Nenda na tochi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo na kipande cha chaki. Jiliwa lenye taya za inchi 4 kwa kawaida huvuka kilo 10, na la inchi 6 hukaribia au kupita kilo 30, kwa hiyo panga usafiri pia.

Anza na nyufa. Mahali pa kutazama ni shingo ya taya ya nyuma pale inapoungana na mwili, kuta za tundu ambamo mhimili hupita, hasa upande wa chini, na masikio ya kitako yanayopokea bolti. Ukiona mstari unaotia shaka, pakaa mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa hadi pakauke kabisa, kisha sugua unga wa chaki juu yake. Mkwaruzo utabaki mweupe. Ufa utatema mafuta uliyoyanywa, na utauona ukijichora kama uzi mweusi katikati ya weupe. Kipimo hiki hakina gharama, na kimewaokoa watu kununua mizigo ya chuma chakavu kwa bei ya jiliwa.

Tazama pia rangi mpya nzito mahali pamoja tu, au uvimbe uliosuguliwa kwa grenda. Hizo ni dalili za kuchomelewa. Chuma cha kusubu kinaweza kuunganishwa kwa shaba nyeupe au kwa elektrodi za nikeli na fundi anayejua kukipasha moto polepole, na jiliwa la namna hiyo linafaa kwenye rafu ya mkusanyaji au kwa kazi nyepesi. Kwa kazi nzito liache.

Kisha fungua taya hadi mwisho, uitazame skrubu kuu. Linganisha hesi, yaani mizunguko iliyochongwa kwenye skrubu, za katikati na zile za mwishoni ambazo hazikutumika sana. Hesi nzima ina kilele bapa. Iliyolika imechongoka kama ukingo wa kisu. Mpini ukizunguka kama robo ya mzunguko kabla taya haijaanza kusogea, hilo ni la kawaida kwa chombo cha umri huo. Ukizunguka zaidi ya nusu, nati imekwisha au kola haipo.

Mabamba ya taya yakikosekana, punguza bei, usikimbie, kwa sababu yanaweza kuchongwa upya. Mhimili ukikosekana, achana nalo. Mhimili wa jiliwa moja mara nyingi hauingii sawasawa kwenye mwili wa jingine, hata yakiwa ya modeli ile ile.

Majina yaliyosubiwa ubavuni husaidia kujua umeshika nini. Record na Paramo ni za Sheffield, na Parkinson ni ya Shipley, zote Uingereza. Kwa Marekani utakutana na Wilton ya Chicago, Reed ya Erie, Columbian ya Cleveland, Athol ya mji wa Athol huko Massachusetts, na Charles Parker ya Meriden. Heuer ya Ujerumani ni ya chuma kilichofuliwa, si cha kusubu, na ndiyo maana huvumilia kupigwa kuliko nyingine. Kwenye Wilton za mwanzo, miaka ya 1940 na 1950, tafuta tarehe iliyogongwa chini ya mhimili: mara nyingi ni mwisho wa dhamana ya miaka 5, kwa hiyo toa 5 upate mwaka wa kutengenezwa. Na ukikuta Wilton iliyoandikwa Chicago, ni ya zamani kuliko iliyoandikwa Schiller Park, mji ambako kiwanda kilihamia baadaye.

Utakachohitaji

- Miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, glovu za mpira kwa kemikali
- Oili ya kupenya, au mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu oili ya gia otomatiki
- Bisibisi bapa za upana mbalimbali, spana, seti ya vitoa pini, nyundo ya kawaida na nyundo ya shaba au plastiki
- Brashi za waya, tupa laini, msasa wa namba 120, 240 na 400
- Beseni la plastiki, chaja ya betri ya volti 12 na soda ya kufulia (kaboneti ya sodiamu), au asidi ya sitriki ya unga
- Sabuni kali ya kuondoa mafuta, rangi ya msingi, rangi ya enameli
- Grisi, oili nyepesi ya mashine, na grisi ya kuzuia skrubu kuganda
- Vikopo vidogo vya kuwekea skrubu, kila kimoja na maandishi yake

Kazi yenyewe

1. Piga picha na uweke alama. Kila upande, kila washa na mpangilio wake. Mabamba ya taya yakishatoka (hatua ya 6), tumia kitoa pini chenye ncha kugonga alama ndogo nyuma ya kila moja: nukta moja la mbele, mbili la nyuma. Mabamba hayabadilishani, matundu yake hutofautiana.

2. Osha. Grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi la chuma hugumu kama lami. Ikwangue kwa kijiti cha mbao, kisha osha kwa sabuni na brashi. Kutu iliyofunikwa na mafuta haisikii dawa yoyote.

3. Lainisha palipoganda. Weka oili ya kupenya kwenye skrubu kuu, kwenye mdomo wa nati na pande zote za mhimili. Subiri siku nzima, ongeza, gonga polepole kwa nyundo ya shaba, subiri tena. Mchanganyiko wa asetoni unawaka haraka, kwa hiyo fanyia kazi nje na mbali na cheche.

Usirefushe mpini kwa bomba. Hili ndilo kosa linalovunja majiliwa mengi kuliko yote. Nguvu ya ziada huenda moja kwa moja kwenye nati na kwenye kuta za mwili. Kama mpini haugeuki kwa mikono miwili, tatizo ni muda, si nguvu. Geuza kidogo kwenda, kidogo kurudi, uone oili ikitoka nyekundu kwa kutu, ongeza nyingine.

4. Toa taya ya mbele. Zungusha hadi skrubu iachane na nati, kisha vuta. Weka gogo au sanduku chini ya mhimili kabla hujafika mwisho. Taya ya mbele hutoka ghafla, na ni nzito, na miguu yako iko chini yake.

5. Toa nati na kola. Nati nyingi hushikwa na bolti moja kutoka chini, au pini. Kola ya skrubu pia mara nyingi ina pini. Kabla ya kugonga pini yoyote, pima kipenyo chake pande zote mbili. Nyingine zimepungua upande mmoja. Hizo hugongwa kutoka upande mwembamba. Ukigonga upande mnene unaikaza zaidi. Vifundo vya mwisho wa mpini vikiwa vimefuliwa, viache mahali pake. Skrubu na mpini vinasafishwa vikiwa pamoja.

6. Skrubu za mabamba ya taya. Hapa ndipo penye kazi, na hapa usiharakishwe. Chukua sindano nene au kipande cha msumeno wa chuma, uchimbe rangi na uchafu kwenye mfereji wa kichwa cha skrubu hadi uone chuma kinachong'aa chini. Chagua bisibisi inayojaza mfereji wote, urefu na unene. Isimamishe wima, piga kichwa chake kwa nyundo mara tatu au nne. Pigo hilo halizungushi kitu, ila huvunja gundi ya kutu. Sasa kaza kidogo sana, kama unywele, ndipo ulegeze. Bisibisi ikiteleza mara moja, acha hapo hapo. Mfereji ukishaharibika umepoteza njia rahisi.

Ikishindikana, pasha moto kichwa cha skrubu tu kwa muda mfupi, weka oili ikishapoa kiasi, jaribu tena. Usimwage maji kwenye chuma cha kusubu chenye moto, kitapasuka. Usipashe bamba lenyewe hadi libadilike rangi, kwa sababu litapoteza ugumu wake. Njia ya mwisho ni kutoboa kichwa. Gonga nukta katikati kabisa, anza na keekee ya milimita 3, kisha tumia iliyo kubwa kidogo kuliko shina la skrubu. Kwa skrubu ya robo inchi, milimita 6.5 inatosha. Kichwa kitaachana na shina, bamba litatoka, na shina litabaki limechomoza kiasi cha kushikwa kwa koleo la kujifunga. Mara nyingi hutoka kwa urahisi, maana kilichokuwa kimekaza ni kichwa.

Skrubu mpya zisiingizwe kwa kubahatisha. Majiliwa ya zamani ya Uingereza kwa kawaida yana hesi za Whitworth, kipimo cha zamani cha huko, ya Marekani yana hesi za inchi za kwao. Robo inchi ya pande zote mbili ina hesi 20 kwa inchi na huonekana sawa, lakini pembe ni digrii 55 kwa Whitworth na 60 kwa ile ya Marekani. Nusu inchi ndiyo hutofautiana waziwazi, 12 dhidi ya 13. Pima kwa geji ya hesi. Skrubu ya milimita iliyolazimishwa humo huharibu tundu zima.

7. Ondoa kutu. Kuna njia mbili zinazofaa, chagua moja.

*Kwa umeme.* Jaza beseni la plastiki maji, weka soda ya kufulia kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Tundika vipande vya chuma cha kawaida kuzunguka kuta za beseni na uviunganishe na waya chanya. Waya hasi uende kwenye sehemu ya jiliwa. Hakikisha chuma na jiliwa havigusani. Washa chaja; ampia 2 hadi 6 zinatosha. Mapovu madogo yatapanda kutoka kwenye jiliwa, na kutu italegea kwa saa 12 hadi 24. Upande unaotazamana na chuma cha pembeni ndio unaosafika, hivyo zungusha sehemu unayoisafisha.

Ukikosea waya, jiliwa ndilo litakaloliwa, kwa hiyo angalia mara mbili. Usitumie vyombo vya chuma kisichoshika kutu upande wa chanya. Vina kromiamu, na maji yanayobaki huwa sumu. Mapovu ni haidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo fanya kazi penye hewa na uzime umeme kabla hujagusa nyaya. Usitumbukize springi, kwa sababu haidrojeni huifanya ikatike baadaye. Hiyo isafishe kwa brashi. Sehemu za shaba na za alumini nazo zibaki nje.

*Kwa asidi ya sitriki.* Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Kagua kila saa mbili, sugua, rudisha. Usilale ukaliacha humo. Asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe, na nyuso zilizochongwa laini hubaki kijivu zenye vishimo. Siki hufanya kazi hiyo hiyo kwa polepole, na wanaoiacha wiki nzima hujuta. Ukitoa, suuza kwa maji yenye bikaboneti ya soda.

Kwa njia yoyote, kutu changa ya rangi ya machungwa hutokea ndani ya dakika chache baada ya chuma safi kukutana na hewa. Suuza kwa maji ya moto, kausha kwa mashine ya kukaushia nywele, pitisha brashi ya waya kuondoa weusi, kisha paka oili nyepesi papo hapo sehemu ambazo hazitapakwa rangi.

8. Rangi ya zamani. Rangi za miongo iliyopita huweza kuwa na risasi. Usizisugue zikiwa kavu kwa grenda. Tumia dawa ya kuondoa rangi au uikwangue ikiwa imelowa, ukiwa na barakoa, na ukusanye mabaki yote. Na kama rangi ya asili bado ina hali nzuri, iache. Kwa mkusanyaji, rangi ya kiwandani iliyochakaa ina thamani kuliko mpya inayong'aa. Vivyo hivyo usiguse kwa grenda maandishi yaliyosubiwa wala tarehe zilizogongwa. Ukizifuta umefuta cheti cha kuzaliwa cha jiliwa hilo.

9. Nyoosha na sawazisha. Pitisha tupa laini juu ya mhimili ili kuondoa vinundu tu, si kupunguza chuma. Mpini uliopinda unyooshwe ukiwa baridi. Ukibadilisha, tumia fito ya chuma laini, usitafute kigumu. Mpini umetengenezwa upinde kabla mwili haujavunjika, ni kinga.

10. Paka rangi. Futa mafuta mara mbili kwa asetoni, ziba kwa utepe, rangi ya msingi, kisha tabaka mbili nyembamba za enameli. Pasipopakwa rangi ni mhimili, ndani ya tundu lake, skrubu, nyuma ya mabamba ya taya na nyuso mbili za kitako zinazosuguana. Enameli huonekana imekauka kwa siku moja lakini huchukua hadi wiki kuwa ngumu.

11. Unganisha. Grisi kwenye skrubu, nati na washa za kola. Kwenye mhimili weka oili nyepesi, kwa sababu grisi hapo hunasa vumbi la chuma na kugeuka msasa. Grisi ya kuzuia kuganda iende kwenye skrubu za mabamba. Kabla ya kufunga bamba, pitisha kidole kwenye kiti chake. Punje moja ya mchanga nyuma ya bamba gumu hulifanya lipasuke siku ya kwanza ya kubana kwa nguvu.

Jaribu kwa karatasi: vipande vitatu, kushoto, katikati na kulia, funga taratibu, vuta kimoja kimoja. Vyote vishikwe. Taya zikigusana juu kabla ya chini kwa unene wa karatasi, usichonge kitu. Mengi yalitengenezwa hivyo ili yanyooke yakibana.

12. Funga mezani. Ncha ya taya iwe usawa wa kiwiko chako ukisimama. Uso wa taya ya nyuma uchomoze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili fito ndefu iweze kushuka wima bila kugonga mbao. Tumia bolti zinazopenya meza, zenye washa pana chini, kwenye masikio yote. Meza ikiwa na mwinuko, jaza nafasi kwa vibamba vyembamba kabla ya kukaza. Sikio linalovutwa kuelekea mbao lisiloigusa hukatika.

Likikusumbua

*Skrubu inazunguka, taya haisogei kabisa.* Nati imeachia: bolti au pini yake imekatika. Ikiwa ipo mahali pake, hesi zimekwisha, na mkereza vyuma anaweza kuchonga nati mpya.

*Taya inafunga lakini haifunguki.* Kola au pini yake haipo. Kufunga husukumwa na kichwa cha skrubu. Kufungua huvutwa na kola.

*Jiliwa la kufungua haraka linateleza likibana.* Nusu-nati, yaani nati iliyokatwa nusu ili iweze kuachia skrubu, imejaa uchafu, springi yake imechoka, au meno yake yamelika. Safisha kwanza, badilisha springi pili.

*Taya ya mbele inainuka ukikaza.* Tundu la mhimili limelika. Bamba jembamba la shaba nyeupe lililowekwa mahali palipolegea hupunguza tatizo, ila lipimwe hadi mhimili uteleze bila kukwama.

*Kitako hakishiki kikikazwa.* Kuna rangi au grisi kati ya nyuso mbili. Ondoa yote.

*Chaja haitoi umeme kwenye beseni.* Chaja nyingi za kisasa haziwaki zisipoona betri. Tumia ya aina ya zamani, au unganisha betri kati yake na beseni.

*Rangi inabanduka kama ganda.* Chuma cha kusubu kina vinyweleo vilivyokunywa mafuta kwa miaka mingi. Kipashe joto kiasi cha kushikika kwa mkono, mafuta yatatoka jasho, futa kwa asetoni, rudia hadi kitambaa kitoke cheupe, ndipo upake upya.

*Kutu inarudi kwenye matundu ya skrubu.* Asidi ilibaki humo. Fungua, suuza kwa bikaboneti ya soda, puliza hewa, kausha, weka oili, funga tena.